Baridi ya Rasi, Kusi ya Lamu

Ukurasa wa maswali mwezi huu umejaa upepo. Kaskazi imechoka, kusi haijashika, na kila mwenye simu ana utabiri wake mfukoni. Tumechagua barua saba kutoka Lamu na Malindi. Tunaanza na ile iliyotuchekesha kidogo.

Asalaam aleikum wahariri. Simu ya mwanangu hutafsiri habari za kigeni. Juzi imeandika: "Baridi ya mapema ya vuli yakaribia Cape Town." Vuli na Machi wapi na wapi? Na hiyo baridi, itatufika huku? — Nahodha, Shela

Waalaikum salaam, nahodha. Simu haikukosea sana, imefuata kamusi. Neno vuli tumelibebesha mizigo miwili. Kwa mkulima na baharia wa pwani ni mvua za Oktoba mpaka Disemba. Kwa mwandishi wa kamusi ni pia majira ambayo nchi zilizo mbali na ikweta hutoka kwenye joto kuingia baridini, na miti ikapukutisha majani. Kusini mwa dunia majira hayo huanza Machi, kwa hiyo vuli ya Cape Town huangukia tanga mbili yetu, kipindi cha pepo kugeuka, wakati sisi tunangoja mvua za mwaka. Ukikutana tena na "vuli" katika habari za Afrika Kusini au Australia, tazama tarehe kwanza.

Sasa hiyo baridi yenyewe. Kinachokaribia Rasi, yaani upande wa Cape Town, ni ukingo: mahali ambapo hewa baridi na nzito kutoka bahari za kusini inajipenyeza chini ya hewa ya joto na kuinyanyua. Hewa iliyonyanyuliwa hufanya mawingu na mvua, upepo hugeuka ghafla kutoka kaskazini-magharibi ukawa wa kusini-magharibi, na joto hushuka. Ukingo huo husafiri kwenda mashariki: hupita Cape Town, hufuata pwani mpaka Durban, kisha huingia Bahari ya Hindi. Haupandi kuja kwetu. Kutoka Cape Town mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 4,000, na hewa ile kadiri inavyosogea ikweta hupashwa moto na bahari iliyo chini yake, mpaka ukingo ukayeyuka. Usinunue blanketi.

Kinachotufika ni msukumo wake. Nyuma ya ukingo hufuata eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa. Kusini mwa dunia upepo huzunguka eneo kama hilo kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo upande wake wa mashariki hewa hutoka kusini kwenda kaskazini. Eneo hilo likisogea mpaka kusini mwa Msumbiji, hewa inaingizwa katika mlango wa bahari ulio kati ya Msumbiji na Madagaska. Penye wembamba, mlango ule una kilomita 400 na kitu, na upande mmoja wake imesimama milima ya Madagaska inayopita mita 2,800. Hewa hubanwa humo ikakaza mwendo, kama maji yanavyokaza yakitoka Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Sehemu yake hupanda bara. Wamalawi wanayo hata jina la manyunyu ya baridi yanayoletwa na msukumo huo, chiperoni. Sehemu nyingine hupita Zanzibar na Mombasa, na siku chache baada ya Cape Town kutetemeka, bendera za gatini Lamu zinageuka.

Ndiyo maana kusi haiingii kama mgeni aliyebisha hodi mara moja. Huja kwa vishindo. Machi na mapema Aprili msukumo mmoja huleta kusi ya siku mbili tatu, kisha inakufa, matlai, upepo wa mashariki, inarudi, bahari inalala, na watu wanasema wamedanganywa. Halafu unakuja mwingine. Kufikia Mei vishindo vimeungana na kusi imeshika. Wenyewe wa zamani walilijua hilo vizuri. Vasco da Gama na rubani aliyepewa Malindi waling'oa nanga tarehe 24 Aprili 1498, ambayo kwa kalenda ya leo ni mapema Mei, wakafika Calicut tarehe 20 Mei. Wangeondoka mwezi mmoja kabla, wangekaa katikati ya bahari tanga likipigapiga mlingoti.

Dalili mbili utazisoma pale pale ufukweni bila simu. Ya kwanza ni umande, ule upepo wa bara wa alfajiri. Siku za kawaida za tanga mbili unaamka na umande. Ukiamka kwa Sala ya Alfajiri ukakuta upepo tayari ni wa kusini, na ulikuwa wa kusini usiku kucha, basi kuna kitu kinasukuma nyuma yake. Ya pili ni mawimbi. Simama pwani ya Shela upande ulio wazi, chagua mahali pamoja, anza saa wimbi la kwanza linapovunjika na uisimamishe la kumi na moja linapovunjika. Gawanya sekunde kwa 10. Mawimbi ya upepo wetu wenyewe huwa ya sekunde 5 hadi 8. Ukipata 13 au 14, na hakuna upepo wa maana, hayo yametoka mbali sana, kwenye dhoruba za bahari ya kusini. Mawimbi ya namna hiyo huja kwa mafungu. Ili upate mwendo wa fungu kwa noti, zidisha sekunde kwa moja na nusu: sekunde 14 ni noti 21, yaani maili 21 za baharini kwa saa. Wimbi lililozaliwa maili 2,500 kusini limesafiri siku tano kukufikia. Dhoruba iliyolizaa huenda imeshakufa, ila nahodha anayevuka mwamba asubuhi ile hana faida na hilo: mawimbi marefu huonekana madogo kwenye kina kirefu, kisha huinuka ghafla yakikuta mwamba.

Utabiri unasema "upepo noti 25, mawimbi mita 2". Nina boti ya faiba ya futi 21 na injini moja. Mita mbili si ndogo? Wenzangu wanatoka. — Mvuvi, Malindi

Ndugu, mita mbili za utabiri si mita mbili za fimbo. Wataalamu huchukua theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa zaidi, wakapiga wastani wake. Ndiyo namba unayosomewa. Maana yake yako mengi madogo kuliko hapo, na yako machache makubwa. Katika saa chache za kukaa baharini, tegemea kukutana na moja linalokaribia mara mbili ya namba ile. Utabiri wa mita 2 una wimbi la karibu mita 4 ndani yake.

Na upepo hivyo hivyo. Noti 25 ni kilomita 46 kwa saa, nayo ni wastani wa dakika kadhaa. Dharuba moja moja hupita hapo kwa theluthi nzima. Halafu kumbuka nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo wake. Kutoka noti 20 kwenda 28 ni nyongeza ya 8 tu, ila msukumo kwenye tanga au ubavuni mwa boti unakuwa mara mbili. Tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa pwani mara nyingi huzungumzia upepo unaozidi noti 25 na mawimbi yanayozidi mita 2. Huo si mstari wa kuanza kufikiria. Kwa boti ya futi 21, fikira zianze noti 16, bahari inapojaa povu jeupe kila upande. Ikifika 20, vua upande wa ndani wa mwamba.

Sasa sehemu ambayo utabiri hauwezi kukwambia, nayo ndiyo inayozamisha watu: mlango, lile pengo la kupitia mwambani. Wimbi huvunjika likifika kwenye kina cha kama mara 1.3 ya urefu wake. Wimbi la mita 2 linavunjika penye maji ya mita 2.6. Kwa hiyo mlango ule ule uliotoka salama maji yakiwa yamejaa, unaweza kuwa ukuta mweupe ukirudi maji yakiwa yamekupwa. Bahari imebaki vile vile. Kina ndicho kilichobadilika.

Ongeza mkondo. Maji yanayotoka yakikutana na mawimbi ya kusi yanayoingia, mawimbi hubanwa yakawa mafupi na wima. Lamu wanalijua sana mlangoni kati ya Shela na Ras Kitau. Na hapa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ina hila yake. Siku za bamvua kwenye pwani yetu maji hujaa kiasi cha saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, kisha hukupwa mpaka saa nne au saa tano asubuhi. Nusu nzima ya maji hutoka katika saa mbili za katikati. Hesabu mwenyewe: saa moja mpaka saa tatu asubuhi, wakati ule ule ambao wavuvi wengi wanatoka, mkondo uko kwenye nguvu yake kubwa na unakabiliana na kusi uso kwa uso. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, mambo yanageuka, asubuhi maji yanaingia na mlango unalala hata upepo ukiwa na nguvu ile ile. Ndiyo sababu mtu hutoka Jumatatu kwa noti 18 bila shida, akatoka Jumatatu ya pili yake kwa noti 18 zile zile akapinduka.

Bamvua ya kusi, basi, toka kabla ya jua au subiri maji yasimame. Kurudi, ingia maji yakijaa.

Jambo la injini moja. Kuanzia Aprili mkondo mkubwa wa pwani unakwenda kaskazini na kusi iko nyuma yake. Injini ikizima nje ya Malindi na mkondo ni noti 2, saa kumi baadaye uko maili 20 kaskazini na hakuna anayekutafuta huko. Nanga yenye kamba ya mita 30 haikusaidii kwenye kina cha mita 60. Beba kamba isiyopungua mara tano ya kina unachovulia. Ukiwa nje zaidi ya hapo, beba ndoo mbili imara za kufunga puani kwa kamba ya mita 20, zikokote maji, boti ielekeze pua kwenye mawimbi na ipunguze kasi ya kuchukuliwa. Mwambie mtu mmoja wa pwani unakwenda upande gani na saa ya kurudi. Plagi mbili kavu na spana yake kwenye mfuko wa nailoni. Plagi iliyolowa chumvi inaweza kukufanya urudi kwa kuvutwa.

Nimerithi kipimahewa cha shaba cha ukutani. Sindano haitoki mahali pake, iko karibu na neno la hali njema mvua ikinyesha au jua likiwaka. Kimekufa? — Mkomani, Lamu

Pengine kizima kabisa. Maneno yale yaliandikwa kwa ajili ya Uingereza, ambako mgandamizo hupanda na kushuka kwa milibari 30 na zaidi kadiri kingo za baridi zinavyopita. Kwenye vipimo vingi vya aina hiyo neno la mabadiliko liko inchi 29.5 na la hali njema inchi 30. Lamu, mwaka mzima, mgandamizo unachezea kati ya milibari 1,008 na 1,017 hivi, ambayo ni inchi 29.8 mpaka 30. Sindano itakufa pale pale karibu na hali njema hata paa likiwa linavuja. Wapuuze walioandika maneno, usipuuze sindano.

Kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba hapa karibu na ikweta hewa ina kupwa na kujaa kwake. Kila siku hujaa saa nne asubuhi na saa nne usiku, hukupwa saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na tofauti ni kama milibari 3. Mtu akigonga kioo saa nne, akagonga tena saa kumi, ataona sindano imeshuka na atadhani dhoruba inakuja. Haiji. Kwa hiyo usilinganishe asubuhi na jioni. Linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana.

Ukishafanya hivyo wiki mbili, ukaandika kwenye daftari, kipimahewa chako kitaanza kusema. Katika majira haya, ukiona milibari 2 zimeongezeka ndani ya saa 24, kusi iko njiani au imeshafika na itakaza. Huku kwetu, kinyume na Uingereza, kupanda ndiko kwa kuogopwa na mwenye chombo. Kushuka kidogo kidogo siku mbili tatu huashiria msukumo umelegea na mvua za ngurumo za tanga mbili zina nafasi.

Kukirekebisha: pata kipimo cha usawa wa bahari cha saa ile ile kutoka ofisi ya hali ya hewa au uwanja wa ndege, kisha zungusha skrubu ndogo iliyo nyuma, robo mzunguko kwa mara, ukigonga kioo polepole kwa kidole kila baada ya kuzungusha. Kisha kiache. Usikihamishe kutoka sebuleni kwenda darini ukaendelea na daftari lile lile: kila mita 8 za kupanda zinapunguza milibari 1, na nyumba ya ghorofa mbili ya mawe inatosha kukuharibia hesabu. Kiondoe kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Mvua imepiga siku mbili, majirani wamepanda mahindi. Mwaka fulani tulipanda hivyo yakanyauka. Nitajuaje kama hii ndiyo yenyewe? — Mkulima, karibu na Mambrui

Mama, swali lako ni gumu kuliko yote humu. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa kanda hii ni hii: mvua imeanza pale zinapopatikana milimita 20 ndani ya siku tatu, na katika siku 21 zinazofuata kusiwe na ukame unaozidi siku saba. Nusu ya kwanza utaipima. Ya pili inahitaji kuangalia bahari.

Kupima, tumia kopo lolote lenye ubavu ulionyooka, si lile linalopanuka juu. Upana wake hauna maana: kina cha maji ndani yake kwa rula ndicho kipimo cha mvua. Liweke mahali wazi, mbali na mti au nyumba mara mbili ya urefu wake, mdomo ukiwa magotini ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Tia matone machache ya mafuta ya kupikia, yataelea na kuzuia maji yasikauke. Soma kila siku saa tatu asubuhi, mwaga, andika. Mvua nyingi za pwani majira haya huanguka usiku wa manane mpaka asubuhi, kwa hiyo ukisoma jioni na kesho yake asubuhi bila mpango utahesabu mvua moja mara mbili.

Upande wa bahari, sikiliza habari za vimbunga. Machi na Aprili bado ni msimu wake kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kimbunga kikikaa ndani ya mlango wa Msumbiji, unyevu uliokuwa unakuja kwetu unavutwa kwenda kwake. Tukabaki na mawingu membamba na joto. Mwaka 2019 ndivyo ilivyokuwa: Idai ikapiga Beira katikati ya Machi, Kenneth ikapiga kaskazini mwa Msumbiji mwishoni mwa Aprili, na mvua za masika zikachelewa sehemu nyingi za Kenya. Kimbunga kikiwa mashariki mwa Madagaska, mara nyingi hali ni kinyume, kama Machi 2018. Mvua mbili zilizonyesha huku kimbunga kikiwa kinaingia mlango wa Msumbiji ni mvua za kutiliwa shaka.

Na wale wanaouliza kama kimbunga chenyewe kitafika Lamu: upepo unahitaji mzunguko wa dunia ili ujizungushe, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini, Malindi nyuzi 3. Hidaya, mapema Mei 2024, iliishia pwani ya Tanzania. Mawimbi yake ni jambo jingine, hayo yanafika.

Tukirudi shambani: kabla ya kupanda chimba kidogo. Udongo uwe umelowa sentimita 15 kwenda chini, ukiufinya ushikane. Kwenye udongo wa mchanga wa kwenu milimita 20 hufika hapo. Kwenye mfinyanzi huenda zisifike. Panda nusu ya shamba sasa, nusu baada ya mvua ya pili ya maana. Mbegu zilizotengenezwa kwa pwani, kama Pwani Haibridi, zifukiwe sentimita 5. Ukichelewa sana nako kuna hasara yake: Mei ndiyo kilele, na mche mdogo uliosimama ndani ya maji mwezi huo hugeuka manjano haraka, mbolea ikiwa imeshaoshwa.

Redio ikisema "asilimia 45 juu ya wastani", haisemi mvua itazidi kwa 45. Inagawa miaka iliyopita mafungu matatu, ya mvua haba, ya kawaida na ya nyingi. Bila habari yoyote kila fungu lina 33. Kusema 45 ni kusema mzani umeelemea kidogo. Hakuna haja ya kuuza mbuzi kununua mbolea kwa sababu ya 45.

Jabia letu la kuvunia maji ya mvua hujaa nusu tu hata mvua ikiwa nyingi, na maji ya kwanza huwa na rangi ya chai. — Kizingitini

Anzeni na hesabu. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Sakafu ya kukusanyia ya mita 200 za mraba ikipata milimita 25 inapokea lita 5,000. Saruji nzuri itawapa asilimia 80 yake, lita 4,000. Saruji yenye nyufa na majani yaliyoota itawapa nusu au chini. Kabla ya kulaumu mvua, mwageni ndoo tatu juu kabisa ya sakafu na mfuate maji. Mahali yanapozama, hapo ndipo mnapopoteza maji. Panueni ufa kwa patasi mpaka uwe na umbo la V wa sentimita 2, osheni chumvi kwa maji baridi yasiyo ya bahari, zibeni kwa sehemu moja ya saruji na tatu za mchanga uliooshwa. Mchanga wa pwani usiooshwa huacha kiraka kikimenyuka msimu ujao.

Rangi ya chai ni majani, kinyesi cha ndege na vumbi la kaskazi la miezi mitatu. Mvua ya kwanza geuzeni mfereji, milimita 1 mpaka 2 ziende nje. Kwa sakafu yenu ni lita 200 hadi 400. Kaya inayovuna kwenye makuti ioge na kufulia maji hayo, ya kunywa ivune kwenye bati au dari ya chokaa.

Wageni wanauliza bahari itakuwa safi lini. Maji ni ya matope na hapa haijanyesha! — Nyumba ya wageni, Malindi

Matope hayo hayakutoka hapa. Mto Sabaki ni Galana, na Galana ni Athi: mvua ya bara upande wa Nairobi huteremka mpaka baharini, ikakuta mbingu yenu ni kavu. Kinachoamua kama yatakuja mjini au la ni upepo. Wakati wa kaskazi matope husukumwa kusini kutoka mdomoni mwa mto, yakaingia ghuba ya Malindi. Kusi ikishika, huelekea Mambrui na kwingineko kaskazini. Kwa hiyo siku za vishindo vya kusi mtapata maji safi siku mbili, kisha kusi ikafa na wekundu ukarudi. Mgeni wa kupiga mbizi mwambieni aje maji mafu, si bamvua, maana mkondo mdogo hautifui mchanga. Aprili msiahidi. Watamu, iliyo mbali zaidi na mto, ina nafasi bora.

Mashua ya mbao iko juu Matondoni tangu Disemba. Tuishushe kabla ya kusi au tungoje? — Vijana wa chombo

Ishusheni sasa kama kazi yenu ni ya ndani ya visiwa. Miezi minne ya jua mbao zimesinyaa. Kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta pigeni pale tu panapopitisha ncha ya kisu kwa urahisi. Mkijaza kila mwanya, mbao zikivimba zitasukumana na kung'oa misumari. Siku mbili kabla ya kushusha, mwagieni maji ya chumvi ndani, ngama, yaani maji ya chini ya chombo, ifike kiganja kimoja, mtazame yanakotoka na mtie alama kwa chokaa. Shusheni siku ya bamvua, maji ya saa kumi jioni. Usiku wa kwanza itavuja hata mkifanya yote sawa, kwa hiyo ifungwe penye maji mafupi na mmoja wenu alale humo na kopo la kutolea maji.